Injini ya Mbao

Mikono iliinuliwa, na Jepchumba akaihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini macho yake. Wanachama wa shamba walikuwa wamekubaliana: Beberu auzwe kama chuma chakavu. Jumamosi saa sita mchana lori la Mahesh, mnunuzi wa vyuma wa Nakuru, lingekuja kumbeba.

Beberu alikuwa mashine. Ni ile mashine fupi ya magurudumu manne, yenye ndoo pana ya chuma mbele na kiti kimoja katikati, isiyo na usukani. Dereva anashika mikono miwili ya chuma, mmoja kulia na mmoja kushoto. Akiisukuma yote inakwenda mbele, akiivuta inarudi nyuma, na akisukuma mmoja na kuvuta wa pili inajigeuza palepale iliposimama, magurudumu yakikwaruza sakafu, kama mbuzi dume anayetafuta wa kupigana naye. Mzungu aliyekuwa na shamba hilo la Subukia aliileta mwaka wa sitini na tano, akaitumia miaka miwili, akauza shamba akaenda zake. Wafanyakazi wake, ambao sasa ndio wenye shamba, wakaipa jina la Beberu kwa ajili ya tabia zake na kwa ajili ya aliyeileta, na siku hiyo walicheka sana.

Banda la ng'ombe la shamba hilo lilikuwa la mawe, refu kama mabehewa matatu, na paa lake liko chini hata mtu mrefu anainama mlangoni. Trekta haingii. Kwa hiyo kabla ya Beberu samadi ya ng'ombe mia moja ilitolewa na wanawake, asubuhi na jioni, kwa karai kichwani, mpaka kwenye shimo kule chini karibu na kahawa. Jepchumba aliibeba miaka sita. Alianza akiwa msichana mwenye shingo ndefu ya kusifiwa, na mwaka wa sita ulipofika alikuwa hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza na mabega. Jirani yake kwenye mstari, Chelagat, aliibeba miaka kumi na tisa, na sasa akitembea ungedhani anatafuta kitu alichoangusha.

Mzungu alipoondoka wanaume waliikataa ile mashine. Khaemba, dereva wa trekta, alisema hawezi kukalia toroli la mavi watu wakimwona. Basi Jepchumba akaiomba yeye. Siku ya kwanza alibomoa hori la maji. Siku ya pili akapindua pipa la molasi. Siku ya tatu aliingia bandani akatoka bila kugusa kitu, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyebeba karai. Miaka minane hiyo.

Halafu zikaja mvua za mwezi wa nne, mwaka wa sabini na tano. Katikati ya mvua hizo injini ya petroli ya Beberu ikatoa mlio kama wa sufuria inayokwanguliwa ukoko, ikashikana, ikafa. Ukiweka spana na kuning'inia juu yake haizunguki hata nywele moja. Makarai yakarudi. Wiki tatu sasa wanawake kumi na wawili walikuwa kwenye mstari tena, mvua juu, samadi ikiteremka shingoni, na Jepchumba akiwa mmoja wao.

Pale mkutanoni alikuwa amesimama akasema kwamba kwenye stoo ya zamani kuna injini nzima ya dizeli, ile ya kinu cha kusagia mahindi kilichofungwa tangu kinu kipya kifunguliwe madukani. Kwa nini isitolewe ikatiwa ndani ya Beberu? Watu walicheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti Kemboi hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, Kemboi. Alikuwa tu mtu wa kuchoka haraka na vitu vilivyoharibika. Alimwambia Jepchumba kwamba akipata fundi, na mashine ikaingia bandani kufanya kazi kabla lori halijapakia, yeye mwenyewe atamrudisha Mahesh na lori tupu. Lakini ikishapakiwa imekwenda. Itakuwa ni karai mpaka uzeeni, na asisikie mtu akilalamika.

"Una siku sita, mama Kipkorir," alisema. "Dunia nzima iliumbwa kwa siku sita."

Jumatatu Jepchumba alipanda lori la maziwa mpaka Nakuru. Gereji ya kwanza walimwambia injini ya kinu haiwezi kuingia kwenye kitu kama hicho. Ya pili walimwambia inaweza, lakini mashine iletwe mjini na iachwe mwezi mmoja. Mwenye gereji ya tatu alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema kazi hiyo ni ya wazimu na anamjua mzee mmoja tu anayeipenda kazi ya wazimu. Akamwelekeza kwenye nyumba za reli, kwa Joash Ogola.

Alimkuta barazani anarekebisha cherehani. Alikuwa mzee mwembamba, amefunga kaptura kwa mkanda wa pikipiki, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye mistari ya ngozi kwa namna ambayo sabuni ilishakata tamaa. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Hakuuliza atalipwa nini. Aliuliza mlango wa banda una kimo gani, mashine inarukaruka ikiwa na mzigo au ikiwa tupu, na ni nani anayeiendesha.

"Ni mimi," Jepchumba alisema.

"Basi utakaa karibu nami siku zote. Mimi najua vyuma, lakini wewe ndiye unayeijua hiyo."

Jumanne asubuhi Ogola akateremka Subukia na sanduku la vyombo begani na msumeno mkononi. Khaemba ndiye aliyeuona ule msumeno kwanza, akaona kwamba ni wa mbao, akaenda kumwambia kila mtu kwamba mama Kipkorir ametumwa kuleta fundi wa injini akarudi na seremala.

Siku hiyo ilikwisha kwa kuitoa injini iliyokufa. Ogola alifunga magogo matatu ya mkaratusi kwa juu, akayatanua miguu juu ya Beberu, akaning'iniza winchi ya mnyororo katikati, na injini ikatoka kama jino. Kisha akaenda stoo kuitazama ile ya kinu. Ilikuwa ya silinda mbili, nzito kama ndama wa mwaka, na ilikuwa na puli, gurudumu la kufungia mkanda, pande zote mbili, mbele na nyuma, ili kinu kiweze kufungwa upande wowote. Aliizunguka mara tatu. Akapapasa kila bomba kwa kiganja, polepole, kama mtu anayenunua ng'ombe. Halafu akaomba makreti ya matunda yaliyovunjika, misumari, na kopo tupu la kakao.

Jumatano yote, kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, Ogola alitengeneza injini ya mbao.

Alipima ya chuma kwa uzi wa katani uliofungwa mafundo, akakata mbao, akapigilia. Mahali pa bomba la moshi aliweka gunzi la mahindi. Mahali pa pampu ya dizeli, lile kopo la kakao. Feni ikawa kifuniko cha sufuria. Kila bolti inayojitokeza nje aliwekea msumari unaojitokeza kiasi hichohicho. Jepchumba alikuwa akimshikia mbao na kuona kitu kinazaliwa mbele ya macho yake. Mwanzoni lilikuwa sanduku tu, kisha sanduku lenye mabega, na kufikia saa kumi ungeweza kukiita injini bila aibu. Alikuwa ameona mafundi wengi. Wote walianza kwa nyundo. Huyu siku nzima hakugonga chuma hata kimoja.

Khaemba alikuja mara nne kuangalia. Mara ya nne alisimama na kofia kifuani kama mtu aliye msibani.

"Fundi, samahani, jeneza ni la nani?"

"Lako," Ogola alisema bila kuinua kichwa. "Lakini nimeona kichwa ni kikubwa, sijui kama kitaingia."

Kemboi alipokuja hakukuwa na mzaha. Siku mbili zimekwisha, alisema, na kitu pekee kilichotengenezwa ni toy ya watoto. Ogola alimsikiliza kwa adabu, akamwita kwa cheo chake, akaendelea na kazi. Kemboi alipokwenda zake ndipo Ogola alipomweleza Jepchumba. Pale karakana ya reli, alisema, kila kipande cha garimoshi kilichotengenezwa kwa kumwaga chuma kilichoyeyushwa kilitangulia kuwa cha mbao, na yeye alikuwa akikaa karibu na wale mafundi wa mbao, akajifunza. Injini ya kinu ni watu sita kuinyanyua. Ukiiteremsha ndani ya Beberu ikagonga, unaipandisha. Ukikata, unaiteremsha tena, inagonga kwingine. Unakata usichopaswa kukata, na chuma ukishakikata umekikata. Hii ya mbao mtu mmoja anaiinua kwa mkono mmoja. Ikigonga inakuonyesha inapogonga, na haimvunji mtu kidole.

Alhamisi asubuhi Jepchumba na Chelagat waliiteremsha wenyewe ile injini ya mbao, wakicheka kama wasichana. Ikagonga. Gunzi liligonga tangi la mafuta. Ogola akachora chaki. Wakaisogeza, kopo la kakao likagonga kiti. Akachora chaki. Waliinamisha, wakainua, wakatia vipande vya ubao chini, na saa tatu nzima zikapita hivyo. Mwishowe mzee akakaa kitako, akaitazama, akasema igeuzwe, mbele iwe nyuma. Wakaigeuza. Ikateremka mpaka chini ikakaa kimya, na hakuna msumari uliogusa kitu.

Mzee aliinamisha kichwa kidogo kukubali, akainuka kwenda kuwasha mtungi wa shamba wa gesi ya kuchomelea.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Yule wa uzi na mafundo akaondoka, akaja mwenye moto. Alikata vikalio vya zamani, vile vyuma vinavyobeba injini, akachomelea vipya pale chaki iliposema, na saa kumi jioni ile injini ya chuma ikaning'inia kwenye mnyororo, watu sita wakiishika isiyumbe. Ogola alilala chali chini ya mashine, akinyoosha kidole tu: kushoto, chini, kidogo, kidogo. Ilishuka. Bolti nne zikaingia kwenye matundu manne kwa vidole, bila spana, bila nyundo, bila mtu kuapa. Jepchumba alitarajia mzaha nyuma yake. Alipogeuka, pamoja na mabega yake, alimwona Khaemba amesimama na kofia kifuani tena, na safari hii hakuwa anaigiza.

Ijumaa walifunga mikanda, mabomba, waya wa klachi. Saa tano Ogola akatia handeli, akaizungusha mara tatu, ya nne injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikaanza kudunda kwa sauti nzito iliyotulia. Hata wanawake waliokuwa kwenye mstari waliweka makarai chini. Kemboi alikuja akitabasamu. Ogola akamwonyesha Jepchumba kiti kwa mkono wazi, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni, naye akapanda, akakaa, akasukuma mikono yote miwili mbele.

Beberu akaruka nyuma. Alikwenda kinyumenyume akakivamia kichanja cha mitungi ya maziwa, mitungi minane ikabingirika uwanjani ikilia kama kengele za kanisa, na mwenyekiti akajikuta juu ya ukuta asijue alivyopanda. Jepchumba akavuta mikono kwa hofu, mashine ikaenda mbele. Akaiachia. Akajaribu ndoo: hainyanyuki, inatetemeka tu. Akazima.

"Beberu anarudi kwao Uingereza," Khaemba alisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Kemboi alishuka ukutani akifuta suruali. Alisema kwa sauti ya uchovu kwamba lori linakuja kesho, na akaondoka.

Ogola alibaki amesimama. Jepchumba alimwona anauchukua mfuniko wa debe, anauzungusha hewani kwa kidole, kisha anauinua juu ya uso wake na kuutazama kutoka chini, akiendelea kuuzungusha vilevile. Akauweka chini. Akaenda kukaa juu ya kreti.

Jepchumba alimfuata, akiwa amejiandaa kusikia yale ambayo mafundi husema: kwamba spea ni mbovu, mafuta ni machafu, dereva hajui.

"Nimekosea," Ogola alisema. "Kosa si la injini, na si lako. Kitu kikizunguka kulia ukikitazama mbele, ukienda nyuma yake unakiona kinazunguka kushoto. Niliigeuza injini, nikasahau kwamba na mzunguko nimeugeuza. Ile ya zamani ilikuwa imeshikana, hainionyeshi ilikuwa ikizunguka wapi. Na mbao haizunguki, mama. Iliniambia mambo yote isipokuwa hilo moja."

Alieleza taratibu, bila kujitetea, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kuigeuza irudi ilivyopaswa kuwa kungetaka kuhamisha tangi, kukata vikalio vyote, kuanza upya. Siku nne. Na siku nne hakuna. Jepchumba alitazama kule mstarini. Wanawake walikuwa wameokota makarai yao na kuanza kwenda. Chelagat alikuwa wa mwisho, anatazama chini. Alijiona yeye mwenyewe pale nyuma ya Chelagat, kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao. Hata hivyo kilichomkaa moyoni zaidi wakati huo ni jambo dogo: hajawahi kumsikia fundi akisema nimekosea. Hakujua kwamba neno hilo linaweza kutamkwa na mtu akabaki mzima.

Akarudi kwa Beberu, akainama chini ya kiti.

Ile mikono ya kuendeshea ilikuwa imeshikwa na pini, kila mmoja na yake, kidogo juu ya sakafu. Chini ya pini kulifungwa chuma chembamba kirefu kinachokwenda nyuma mpaka kwenye klachi. Ukisukuma mkono mbele, ncha yake ya chini inarudi nyuma na kukisukuma kile chuma. Alivijua vyuma hivyo kama vidole vyake, maana vilikuwa vikichomoka kila mara na yeye ndiye aliyekuwa akivifunga kwa waya wa ua. Na mwaka mmoja, kwa haraka ya kukamua, alikifunga kimoja mahali pasipo pake, juu ya pini badala ya chini. Beberu alizunguka siku hiyo kama kichaa, upande mmoja ukienda mbele na mwingine nyuma, mpaka alipogundua.

"Fundi," aliita. "Njoo."

Mzee alikuja, akalala chini karibu naye.

"Hiki chuma nikikifunga huku juu ya pini badala ya huku chini, si kila kitu kitakuwa kinyume? Nikisukuma, kitavuta?"

Ogola alitazama. Akashika mkono, akausukuma, akautazama, akauvuta, akautazama.

"Rudia ulivyosema."

Akarudia.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Nilikosea siku moja."

Hapo Ogola akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike Subukia, palepale chini kwenye matope, kicheko kirefu cha mtu aliyelipwa. Hatuhitaji kuigeuza injini, alisema. Tunageuza kinachoiamrisha.

Ilibaki kutoboa matundu mawili mapya kwenye chuma kinene kama kidole gumba, na hapakuwa na umeme, kulikuwa na keekee ya mkono tu. Ogola alizungusha kwanza. Jepchumba akapokea. Kisha wanawake wa mstari wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akizungusha mpaka achoke, na Chelagat akasogea kuomba zamu yake. Walimwambia mgongo wake hautaweza.

"Chombo chenyewe kinataka mtu aliyeinama," alisema. "Mimi nimeinama tayari. Leteni."

Tundu la pili lilipotokeza jua lilikuwa linazama. Jepchumba alitaka taa iletwe, ndoo ishughulikiwe usiku uleule. Ogola alikataa. Taa ya mafuta, alisema, inaongeza kivuli kwenye kipimo, na ameshakosea mara moja juma hili. Akanawa, akanywa chai ya maziwa matupu vikombe vitatu, akalala. Jepchumba hakulala vizuri, lakini alimheshimu zaidi kwa sababu ya usingizi ule.

Alfajiri alimkuta anafuta pampu ya ndoo kwa kitambaa, ile pampu inayosukuma mafuta ya kunyanyulia. Chini ya grisi na rangi ya miaka kumi kulikuwa na mshale uliochongwa kwenye chuma chenyewe, unaoonyesha pampu inataka kuzungushwa wapi. Ulikuwa pale siku zote. Alimwonyesha Jepchumba kwa kidole, kama mtu anayejionyesha mwenyewe. Kisha akatandika gunia safi la unga, akaifungua pampu juu yake. Ndani kulikuwa na giya mbili ndogo zinazong'aa. Alizitoa, akazigeuza, akageuza na kifuniko, ili kilichokuwa kikivuta kisukume na kilichokuwa kikisukuma kivute. Alifanya hayo bila haraka, na saa nne, mapema kuliko ilivyosemwa, lori la Mahesh lilipoingia uwanjani vipande vilikuwa bado juu ya gunia.

Mahesh alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Matanboi wake, vijana wa kupakia mizigo, wakaanza kushusha mbao za kupakilia. Kemboi akaja kuwasalimu, akatazama ile pampu iliyotapakaa, akatazama saa yake. Jepchumba alipanda kwenye kiti cha Beberu akakaa, mikono magotini. Hakuwa na cha kufanya pale. Alikuwa ameamua tu kwamba wakitaka kuipakia wataanza kwa kumshusha yeye.

Ogola alikuwa ameshika kipete cha mpira, kile kinachozuia mafuta yasivuje kwenye pampu. Alikikunja kidogo, kikakatika kama biskuti. Miaka kumi ya joto. Akatafuta kwenye sanduku lake, akatoa vyombo vyote nje, akavirudisha. Ilikuwa saa tano kasoro.

Mahesh alikuwa amechuchumaa kando ya gunia, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Aliuliza nani amegeuza hizi giya. Ogola akasema ni yeye. Akauliza nani amechomelea vikalio. Yeye. Akasimama, akachungulia tumboni mwa Beberu, akakaa humo na kichwa chake muda mrefu. Halafu akaenda kwenye lori, akarudi na kopo la biskuti lililojaa vipete vya mpira vya kila ukubwa, akalimwaga juu ya gunia.

"Mzee, chagua," alisema. "Kazi yangu ni kununua vitu vilivyokufa. Hiki hakijafa, na mimi siwezi kusimama hapa nikiangalia kazi kama hii inashindwa kwa sababu ya kipande cha mpira."

Kemboi akatazama saa yake tena.

Kipete cha tano kikaenea. Ogola akafunga pampu, akakaza, akatia mafuta, akatia handeli. Injini ikashika. Uwanja mzima ukasogea nyuma, wa kwanza akiwa mwenyekiti. Jepchumba alishika mikono miwili. Alikuwa na hofu hata meno yalimuuma. Akasukuma.

Beberu akaenda mbele, taratibu. Akavuta, akarudi. Akasukuma mmoja na kuvuta wa pili, akazunguka mahali pamoja akikwaruza mawe, yule mbuzi wa zamani, isipokuwa sauti yake sasa ilikuwa nzito ya mtu mzima. Akavuta ule mkono mdogo wa ndoo. Ndoo ikapanda mpaka juu ya kichwa chake, ikasimama hapo bila kutetemeka.

Hakungoja kuambiwa. Akaelekea bandani, akainamisha kichwa mlangoni, akaingia.

Samadi ya wiki tatu, ile ambayo makarai hayakuiweza, ilikuwa imejikusanya pembeni kama ukuta. Injini ya petroli ingeanza kulia hapo. Hii ilizama ndani, ikadunda mara mbili tatu kwa kina zaidi, ikatoka na ndoo iliyofurika. Alipotoka na mzigo wa kwanza, wanawake walikuwa wamesimama pande mbili za mlango. Hawakushangilia. Walimtazama akipita, na mmoja wao alikuwa ameligeuza karai lake akalikalia.

Mahesh aliangalia mizigo kumi. Kisha akamvuta Kemboi kando akamwambia, wote wakisikia, kwamba kama chuma chakavu hakitaki tena, lakini kama mashine inayofanya kazi atainunua leo hii, mwenyekiti ataje bei mwenyewe. Jepchumba alikuwa akigeuza uwanjani wakati huo. Alipunguza moto ili asikie.

Kemboi alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao Jepchumba hakumsamehe mpaka mwaka uliofuata. Akamtazama Ogola, akawatazama wanawake, akatazama ule uwanja.

"Bwana Mahesh," alisema, "wewe ni mtu wa ajabu. Unaona kabisa watu wanaitumia, halafu unauliza kama inauzwa?"

Alilisema kwa ukali wa haki, kama mtu ambaye hajawahi kuwaza vingine maishani, na Khaemba ilibidi aende nyuma ya trekta kucheka.

Lori likaondoka tupu. Ogola aliambiwa apande arudi nalo mjini, akasema atapanda lingine, kwanza anataka kusikia injini ikifanya kazi ikiwa imepata moto. Akakaa juu ya kreti lake, mgongo kwa banda, macho yamefumbwa, akisikiliza. Kila Jepchumba alipopita alimwona hivyo. Saa nane mchana alimwaga mzigo wa mwisho, akamwegesha Beberu, akazima. Kimya kikaja.

Halafu ng'ombe wakaletwa kukamuliwa. Waliingia bandani mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze kwato zao ziligonga jiwe tupu: ko, ko, ko, mia nne za hizo, chini ya lile paa. Ogola akafumbua macho, akageuza kichwa.

"Ni nini hiyo?" aliuliza.

"Ni sakafu," Jepchumba akamwambia.